Umebana taimingi za RAM, sasa kompyuta inagoma

Maswali ya RAM ninayoletewa yanatofautiana maneno tu. Huyu kompyuta haimwonyeshi picha tangu jana usiku alipobadilisha namba, yule gemu inajifunga kila baada ya dakika ishirini, na mwingine kabana kila kitu lakini hajaona hata fremu moja ikiongezeka. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotangulia ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi, inayofuata ni ya nadra zaidi. Usiruke. Wengi walioanzia kwenye sababu ya mwisho waliishia kununua RAM wasiyoihitaji.

Nazungumzia kompyuta za mezani zenye RAM ya DDR4 au DDR5. Laptopu nyingi zimefungwa, hazikupi nafasi ya kugusa taimingi. Na zile kompyuta za ofisini zilizotumika, OptiPlex, EliteDesk na ThinkCentre zinazojaa Kariakoo na Luthuli Avenue, BIOS zake (mipangilio ya bodi inayofunguka kabla ya Windows) hazina ukurasa wa taimingi hata ukiutafuta mpaka alfajiri. Kwa mashine hizo, faida utakayoipata ni ya kuweka vipande viwili vya RAM badala ya kimoja. Makala haya hayatakusaidia zaidi ya hapo.

Hesabu moja tu, maana bila hiyo utababaishwa na namba. Ukiona 16-18-18-36, hizo ndizo taimingi: CL, tRCD, tRP na tRAS. Si nanosekunde, ni mapigo ya saa ya RAM; kubana ni kuzipunguza, kulegeza ni kuziongeza. Namba ya kwanza ni CL, yaani mapigo ambayo RAM inasubiri tangu kuombwa data hadi kuitoa. Kuipata kwa muda halisi, zidisha CL kwa 2000, kisha gawanya kwa kasi ya RAM. DDR4 ya 3200 yenye CL16 inasubiri nanosekunde 10. Ya 3600 yenye CL18, 10. DDR5 ya 6000 yenye CL30, 10 vilevile. Lakini DDR4 ya 3200 yenye CL22, ile ya kawaida isiyo na XMP (kasi na taimingi zilizoandaliwa na mtengenezaji wa RAM), inasubiri 13.75. Ukishaijua hesabu hii hutamwonea tena wivu rafiki yako mwenye "namba ndogo" kwenye RAM ya kasi ndogo.

Kabla hujagusa BIOS tena

Piga picha kwa simu kila ukurasa wa BIOS ulio na mipangilio ya RAM. Nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje na uichomoe. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, hakikisha unao ufunguo wake wa akiba nje ya mashine, kwa sababu kufuta mipangilio ya BIOS kunaweza kuifanya Windows ikuombe ufunguo huo asubuhi ambayo una kazi ya watu. Halafu tafuta daftari. Badilisha namba moja, pima, andika matokeo, ndipo uende nyingine. Mtu aliyebadilisha namba tisa kwa mpigo mmoja hana tatizo moja. Ana matatizo tisa yaliyovaa kanzu moja.

Dalili: feni zinazunguka, skrini nyeusi

Tulia. Taimingi mbaya huizuia RAM kufanya kazi, haiiunguzi. Kinachounguza ni volti, na hizo tutazifikia.

Sababu ya kwanza haistahili hata kuitwa tatizo: bodi bado inajipima na RAM. Kila ukibadilisha kasi au taimingi, bodi huanza upya kutafuta namna ya kuelewana na RAM kabla haijaonyesha picha. Kwenye DDR4 utaiona inazima na kuwaka yenyewe mara mbili tatu. Kwenye DDR5, hasa bodi za AM5 (soketi ya prosesa mpya za AMD Ryzen) zenye RAM nyingi, inaweza kukaa kimya dakika kadhaa. Watu huogopa wakazima katikati, inaanza upya, wanazima tena. Tazama saa, iache dakika 15, kanywe chai.

Ya pili ni kwamba umebana kupita uwezo. Taimingi zinazokosesha picha kabisa mara nyingi ni tRCD, tRFC na tRC. Hii ya mwisho hukosewa zaidi kwa sababu inategemea nyingine: tRC haipaswi kuwa chini ya tRAS ukijumlisha na tRP. Kama tRAS ni 36 na tRP ni 18, ukaandika tRC 48 kwa sababu uliiona kwa mtu, usishangae. Bodi nyingi zikishindwa kuwaka mara chache hurudi zenyewe kwenye mipangilio salama. Yako isiporudi, futa BIOS kwa mkono:

1. Zima, zima na swichi ya nyuma ya pawa saplai, chomoa waya ukutani.
2. Bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe.
3. Tafuta pini mbili zilizoandikwa CLRTC, CLR_CMOS au JBAT1 (jina hutegemea mtengenezaji, angalia kitabu cha bodi yako). Zigusanishe kwa ncha ya bisibisi sekunde kumi.
4. Kama pini huzioni, toa ile betri ya duara, CR2032, na uiache nje dakika kumi. Mara nyingi imejificha chini ya kadi ya grafiki.
5. Rudisha, washa, na usubiri tena zile dakika 15.

Onyo: hatua ya tatu haifanywi kamwe waya ukiwa ukutani. Nimewahi kuletewa bodi iliyofutwa "haraka haraka" ikiwa na umeme. Haikurudi.

Ya tatu ni kipande kilicholegea, lakini iwaze tu kama ulifungua kasha. Toa vipande vyote, weka kimoja kwenye sloti ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, sukuma mpaka klipu ilie. Kompyuta ikiwaka, jaribu na cha pili kikiwa peke yake kwenye sloti hiyohiyo. Vipande viwili vikae sloti ya pili na ya nne. Bodi nyingi zimechorwa ziwe na mawasiliano mazuri hapo, na mtu anayeviweka ya kwanza na ya tatu anajitafutia kazi.

Kwa wenye Ryzen iko ya nne. Kasi ya njia ya ndani ya prosesa, FCLK, ulipandisha pamoja na RAM. Kwenye Ryzen za AM4 (soketi iliyotangulia AM5) za mfululizo wa 3000 na 5000, RAM ya 3600 inaenda na FCLK ya 1800, na prosesa nyingi hufika hapo bila shida. Ukivuka 1900 unaingia kwenye bahati ya prosesa yako. RAM inaweza kuwa haina kosa lolote.

Dalili: umewasha XMP au EXPO (XMP ya upande wa AMD), namba hazijabadilika

Nusu ya wanaoniletea hili hawana tatizo. Programu ya CPU-Z inaonyesha mapigo halisi ya saa, na DDR husafirisha data mara mbili kwa kila pigo. Ukiona 1600 MHz, RAM yako iko 3200. Imekamilika, nenda kacheze.

Kama siyo hivyo, rudi BIOS uone kama mipangilio ilihifadhiwa. Bodi ikishindwa kuwaka hurudi nyuma kimyakimya na kukuacha unadhani XMP ipo. Kisha tazama chipseti. Bodi za Intel za H410, H510 na H610 haziruhusu kuovakloki RAM, yaani kuipandisha juu ya kasi rasmi. B460 nayo hairuhusu, kwa hiyo Core i5 ya kizazi cha 10 juu yake inakomea 2666 hata ukiipa RAM ya bei ya pikipiki. B560 ndiyo iliyofungua mlango kwa bodi za kati. Hapa hakuna dawa ya BIOS, na usimruhusu mtu akuuzie "BIOS iliyofunguliwa".

Na kama umeandika CL15 ikatokea CL16, hujarogwa. Kwenye Ryzen za AM4 kipengele kiitwacho "Gear Down Mode" kikiwa kimewashwa, CL isiyogawanyika kwa mbili hupandishwa hadi inayofuata. Ukikizima utaipata 15, ila RAM nyingi hupoteza utulivu, na faida yenyewe ni kiduchu. Mimi hukiacha, naandika 16 au 14.

Dalili: inawaka vizuri, halafu skrini ya bluu, gemu kujifunga, au inazima na kuwaka yenyewe

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Andika msimbo unaotokea. MEMORY_MANAGEMENT na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA zinaelekeza kwenye RAM mara nyingi. IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL inaweza kuwa RAM au draiva. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR mara nyingi ni prosesa, FCLK au volti. Misimbo ikibadilikabadilika kila siku, leo huu kesho ule, mimi huikamata RAM kwanza.

Ila kabla ya kuilaumu, iulize mashine maswali matatu. Je, prosesa umeipunguzia volti kwa Curve Optimizer? Kadi ya grafiki umeiovakloki? Tatizo lilikuwapo kabla ya kubana? Nimepoteza Jumamosi nzima kwenye tRRD ya mtu, kumbe alikuwa amepunguza volti za prosesa mwezi mmoja nyuma, akasahau. Rudisha prosesa na kadi ya grafiki kwenye hali ya kawaida kabla hujagusa RAM.

Sasa shuka ngazi, na ngazi ni tatu. Ya kwanza, zima XMP na kila ulichobana, RAM iende kwa kasi yake ya msingi. Pima. Ikishindwa hapo, kipande ni kibovu au sloti ina shida, taimingi hazihusiki, mrudishie aliyekuuzia. Ya pili, washa XMP peke yake. Ikishindwa hapo na ya kwanza ilipita, RAM na bodi haziwezani kwa kasi hiyo: sasisha BIOS, ama shusha kasi hatua moja, kwa mfano 3600 hadi 3466. Ya tatu, rudisha taimingi zako ulizobana. Ikishindwa hapo tu, ndipo kosa ni lako.

Kupima maana yake si ile programu ya Windows ya kupima RAM. Hiyo hukamata vipande vilivyokufa, na RAM iliyobanwa kidogo kupita kiasi huipita bila jasho. Weka MemTest86 kwenye flashi, iwashe kompyuta kutoka hapo. Toleo la bure hukomea mizunguko minne, na kwa GB 16 hiyo ni kazi ya saa kadhaa. Memtest86+ nayo ni ya bure kabisa, na tangu toleo la 6 inawaka kwenye bodi za UEFI. Ikipita, ingia Windows uendeshe TestMem5 yenye faili la mpangilio la "Extreme", au Karhu kama umeilipia. Kosa moja ni kosa. Mtu anaponiambia "ilitoa era moja tu kwa saa sita", namwambia RAM haina alama ya kupita ya asilimia tisini.

Umeshajua kosa ni la taimingi zako. Uilegeze ipi? Huwa nafuata njia hii:

Kwanza tRFC. Huu ni muda ambao RAM hufunga duka ili kujichaji upya, na ndiyo namba ambayo watu hunakili kwa mtu mwenye chipu tofauti. Chipu ya DDR4 ya gigabiti 8 kwa kiwango cha kawaida inahitaji nanosekunde 350, ambazo kwa kasi ya 3200 ni mapigo 560. Samsung B-die inaweza kwenda chini ya nanosekunde 180. Micron E-die mara nyingi hugoma ukishuka chini ya takriban 290. Yaani namba 280 inayong'aa kwenye skrinishoti ya mtu wa B-die ni nanosekunde 175 kwa kasi ya 3200, na kwa E-die yako haiwezekani hata ukiisomea dua. Soma aina ya chipu zako kwa Thaiphoon Burner, halafu piga hesabu kwa nanosekunde: zidisha nanosekunde kwa kasi, gawanya kwa 2000.

Pili, tRRD_S, tRRD_L na tFAW, zinazoamua RAM ifungue safu zake kwa kufuatana haraka kiasi gani. Kumbuka tFAW chini ya mara nne ya tRRD_S haikupi chochote. tRRD_S ikiwa 4, tFAW inakomea 16 kwa faida.

Tatu, tRCD. Kwa chipu nyingi za DDR4, hasa Hynix na Micron, tRCD haijali volti. Unaweza kuipandishia volti mpaka ukome na isishuke hata pigo moja. Ongeza namba, usiongeze volti.

Nne ndiyo CL, na hii volti huisaidia. XMP ya DDR4 kawaida ni volti 1.35, wakati kiwango cha msingi ni 1.2. Panda kwa 0.02 kila mara na upime. Mimi binafsi kwa matumizi ya kila siku sivuki 1.45, na hiyo ni kwa chipu ninayoijua na penye upepo unaopita juu ya RAM. B-die hustahimili zaidi, lakini si kila kipande chenye bati la rangi ni B-die. DDR5 kiwango cha msingi ni 1.1, na vipande vingi vya kawaida vina kidhibiti cha volti kilichofungwa kisivuke 1.435.

Kuna volti nyingine ambayo bodi huipandisha bila kukuuliza. Kwenye Ryzen ni ya SoC, kwenye Intel ni ya VCCSA. Ukiziacha kwenye "Auto" ukapandisha kasi ya RAM, baadhi ya bodi hukimbilia juu sana. Mwaka 2023 baada ya prosesa kadhaa za Ryzen 7000X3D kuungua, AMD iliagiza volti ya SoC kwenye AM5 isivuke 1.3, na watengenezaji wa bodi wakatoa BIOS mpya. Kama bodi yako ya AM5 bado ina BIOS ya mwanzo wa mwaka huo, isasishe leo, kabla ya kitu kingine chochote kilichoandikwa hapa. Lakini isasishe ikiwa kwenye UPS: umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, bodi zisizo na kitufe cha kuokolea huishia mezani kwa fundi.

Mwisho kabisa, kama mashine inajizimia bila skrini ya bluu, fungua Event Viewer utafute WHEA-Logger. Namba 19 inayojirudia kwenye Ryzen ni ishara ya FCLK iliyo juu mno. Shusha kutoka 1900 hadi 1867 au 1800, na RAM iende nayo sambamba.

Dalili: haizimi, lakini mafaili yanaharibika

Zipu linakataa kufunguka na kudai limeharibika, ukilipakua tena linafunguka. Gemu inaomba kukarabatiwa kila wiki. Windows inagoma kusasishwa. Mashine haijawahi kuonyesha skrini ya bluu, na ndiyo maana mwenye nayo anaapa RAM iko sawa.

Yalinikuta mwenyewe. Nilibana tRFC, nikapima nusu saa, nikaridhika. Wiki tatu baadaye nilihamishia picha za harusi ya binamu yangu kwenye diski nyingine, nikafuta za awali. Kadhaa zilifunguka nusu, nusu ya chini ikawa kijivu. Faili linapohamishwa hupita kwenye RAM, na biti moja ikigeuka hapo, diski inaandika kosa kwa uaminifu wote. Diski haina habari.

Kwa hiyo ukiona dalili hii, usitengeneze Windows kwanza. Ukikarabati mfumo ukiwa na RAM inayokosea, unaandika makosa mapya juu ya ya zamani. Zima mashine, rudisha BIOS kwenye mipangilio ya msingi, pima RAM kwa usiku mzima, na ikipita ndipo uendeshe amri za Windows za kukagua mfumo na diski: sfc /scannow, kisha chkdsk. Baada ya hapo linganisha mafaili yako na nakala za zamani. Usinakili juu ya nakala nzuri!

Wenye DDR5 huniambia wao wamekingwa kwa kuwa RAM yao ina ECC ndani. ECC hiyo hurekebisha kosa la biti moja ndani ya chipu tu. Data ikiharibika njiani kati ya RAM na prosesa, na huko ndiko kubana kupita kiasi kunakojitokeza mara nyingi, haina msaada.

Dalili: asubuhi inapita, mchana inashindwa

Ni joto, karibu kila mara. Data kwenye RAM ni chaji ndogo ndani ya vikapasita vinavyovuja, na vikipata joto huvuja haraka zaidi. Ndiyo maana kiwango rasmi kinataka RAM ijichaji mara mbili zaidi ikivuka nyuzi 85. Taimingi iliyobanwa mpaka ukingoni hushindwa mapema kuliko hapo. B-die iliyobanwa tRFC huanza kukosea ikikaribia nyuzi 50, na Mombasa au Dar mwezi wa Februari, chumba kisicho na kiyoyozi, ndani ya kasha lenye kadi ya grafiki inayopuliza moto chini ya RAM, nyuzi 50 si mbali.

DDR5 ina kipimajoto ndani yake, kisome kwa HWiNFO. Vipande vingi vya DDR4 havina, itabidi ukisie. Jaribio rahisi: fungua ubavu wa kasha, elekeza feni ya mezani kwenye RAM, rudia kipimo mchana uleule. Kikipita, umepata jibu. Legeza tRFC kwa mapigo 20 hadi 40, au punguza volti kidogo. Kama umepandisha tREFI, ambayo huamua RAM ikae muda gani bila kujichaji, irudishe. Kwenye DDR4 thamani yake ya kawaida ni mikrosekunde 7.8, sawa na mapigo 12480 kwa kasi ya 3200. Walioiweka 65535 wakiwa Ulaya wakati wa baridi hawakuwa wanakudanganya, ila hawaishi Kisauni.

Na fanya vipimo vyako mchana, huku gemu au kipimo kizito cha kadi ya grafiki kikiwa kimeshapasha kasha. RAM iliyopita saa nane za usiku haijathibitisha chochote kuhusu saa nane za mchana.

Dalili: ikiwa moto inakubali, ikikaa usiku kucha inagoma kuwaka

Kinyume cha hiyo ya juu. Kila inapowaka bodi hujipima upya na RAM, na kama upo ukingoni, siku nyingine inapata majibu mabaya. Kwenye AM5 kuna kipengele cha "Memory Context Restore" kinachotumia majibu ya mara ya mwisho ili kuharakisha kuwaka. Kizime ukiwa unatafuta taimingi, ukubali kuwaka taratibu, ukiwashe tena mwisho ukishapata utulivu. Mashine ikianza kuleta skrini ya bluu mara tu baada ya kukiwasha, kiache kimezimwa. Kwenye DDR4, mara nyingi dawa ni kulegeza CL au tRCD kwa pigo moja. Angalia pia ile CR2032. Bodi ya miaka mingi yenye betri iliyokufa husahau mipangilio kila umeme ukikatika, na mtu hudhani RAM ndiyo inakataa.

Dalili: vipande viwili vilikuwa sawa, vinne vinagoma

Vipande vinne huichosha sehemu ya prosesa inayoongoza RAM, hata vyote viwe vya aina moja. Kwa Ryzen 7000, kasi rasmi ya vipande vinne vya DDR5 ni 3600 tu. Vikiwa vimenunuliwa nyakati tofauti, hata kama lebo zinafanana, chipu za ndani zinaweza kuwa za kampuni tofauti, na taimingi zinazofaa zote ni zile za kilicho dhaifu. Legeza, shusha kasi, weka 2T (amri kwa RAM ipewe mapigo mawili badala ya moja). Au uza vinne ununue viwili vikubwa. Mimi ningeuza.

Dalili: umebana, imetulia, hakuna kasi iliyoongezeka

Inawezekana hakuna kitu kibovu. Kadi ya grafiki ikiwa imefika mwisho wa uwezo wake, RAM haiwezi kuisaidia. Prosesa za X3D zina kache kubwa (5800X3D ina MB 96), kwa hiyo zinaiendea RAM mara chache na taimingi hazizisisimui. Anayefaidi kweli ni mwenye prosesa ya kawaida anayecheza gemu za kushindana kwa azimio dogo, na mwenye Ryzen 5600G asiye na kadi ya grafiki, ambaye picha zake zote zinaishi ndani ya RAM. Huyu wa pili kwanza aweke vipande viwili, kisha apandishe kasi, taimingi baadaye.

Kama kasi imeshuka kabisa, shuku uwiano. Kwenye AM4, RAM ikivuka kasi ambayo FCLK inaimudu, prosesa huachana na uwiano wa moja kwa moja na muda wa kusubiri unapanda. Kwenye Intel tangu kizazi cha 11 kuna Gear 1, ambapo kidhibiti cha RAM kinaenda sambamba na RAM, na Gear 2, ambapo kinaenda kwa nusu yake. DDR4 iliyoangukia Gear 2 inaweza kuwa na namba kubwa ya kasi na mwendo wa kobe. ZenTimings itakuonyesha hayo upande wa AMD.

Pa kuishia, umwite fundi

Harufu ya kuungua, au RAM moto usioshikika: chomoa ukutani, usiwashe tena "kujaribu tu". Bodi isiyowaka na kipande kimoja kilichohakikiwa kwenye mashine nyingine, baada ya kufutwa BIOS: hapo ni bodi, prosesa au pawa saplai, na pawa saplai haifunguliwi nyumbani, kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Pini za prosesa zilizopinda: usizinyooshe kwa sindano ukiwa hujawahi. Sloti yenye kutu ya chumvi kwa walio pwani: fundi ana dawa ya kusafishia, wewe una kifutio cha penseli ambacho kinafaa kwa miguu ya RAM na si kwa sloti. Na kama mashine iko kwenye dhamana, uliza masharti kwanza, maana wauzaji wengine huiondoa wakikuta volti zimepandishwa.

Ukienda, beba pawa saplai yako, vipande vyote vya RAM, zile picha za BIOS na lile daftari. Fundi akiona kwamba tRFC ilikuwa 560, ukaweka 480 ikapita, ukaweka 440 ikatoa makosa mawili saa tisa alasiri, atakutoza saa moja badala ya siku mbili.